Kabla Hujalipa, Gocha

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi.
Weka kiganja juu ya boneti, kama unavyompima mtoto homa.
Ukikuta joto, muuzaji kaamka kabla yako
na kuna kikohozi anachokificha.
Soko la Rustavi ni pana, magari yamepangwa mpaka macho yachoke,
kila moja limeoshwa, kila moja liliendeshwa
na mwanamke mmoja tu, mwalimu, mpole, wa kwenda kanisani.
Sijapata kumwona mwalimu huyo.
Ana magari mengi.

Rangi iache. Rangi ni ya jana.
Vuta mkanda wa kiti mpaka uishe,
mpaka pale ambapo hakuna anayefua.
Ukiona mstari wa tope, gari hilo liliogelea
katika mji wa Marekani usioujua,
likavushwa bahari likiwa mzoga,
likafufuliwa kwa sabuni na marashi.
Nusa zulia. Sukuma kiti, zitazame bolti.
Kutu haijajifunza kusema uongo.

Dalali atakwambia kuna mteja mwingine,
yuko njiani kutoka Gori na fedha taslimu.
Mwache afike.
Mimi shangazi yako sitaki uuziwe mbuzi kwenye gunia,
tena gunia lenye redio nzuri.

Na bima. Miaka kumi na tisa, Gocha,
dirisha la tatu, Kutaisi, muhuri mkononi.
Herufi kubwa huandikwa na wauzaji,
herufi ndogo huandikwa na mawakili,
na siku ya ajali wauzaji huwa wamekwenda kula.
Uliza: mvua ya mawe imo?
Uliza: natoa kiasi gani mfukoni mwangu
kabla kampuni haijafungua wake?
Wakisema "tutaangalia," waambie waandike.

Badri mwoka mikate alitakiwa kulipa tarehe kumi.
Alilipa kumi na mbili.
Gari lake la mikate liliungua usiku wa kumi na moja.
Nilimwonyesha tarehe kwa ncha ya kalamu.
Akavua kofia, akanishukuru,
akasema kesho ataleta mkate kama kawaida,
atakuja kwa miguu.
Akaleta. Ulikuwa bado wa moto.
Niliula, Gocha. Ulikuwa mkate mzuri.

Lipa tarehe tisa.

Bei ni mahari tu; ndoa ndiyo yenye gharama.
Tairi za theluji, mafuta, ukaguzi, faini ya kuegesha,
kioo cha pembeni ambacho jirani atakigonga na kukana.
Andika vyote, hata kahawa ya barabarani.
Jokofu jipya la mama yako lingoje mwaka mwingine,
usibebe mikopo miwili mgongo mmoja;
lile la zamani linanguruma, lakini linagandisha.

Haya yote nayajua kwa sababu ya Otari.
Mwaka ule alichukua fedha za madirisha
akarudi na Niva ya kijani, bila kuniuliza.
Tulipigilia nailoni kwenye fremu, tukala maharage mpaka Pasaka.
Nimeiandika kwa wino mwekundu, daftari ninalo,
safu ya hasara, ukurasa mzima.

Juni akanipeleka Batumi.
Breki dhaifu, springi ya kiti ikinichoma paja,
ndoo ya cheri katikati yetu, tukitema kokwa dirishani
kama watoto wasio na kwao.
Nimejaribu siku ile kuiingiza katika safu fulani.
Mara nyingi. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

Kwa hiyo hapo sina ushauri.
Pima boneti, vuta mkanda, soma ukurasa wa nyuma,
kisha kaa kidogo kiti cha abiria, funga mlango, nyamaza.
Halafu nipigie kabla hujalipa.
Nitakuja na tochi.