Mistari Miwili na Nusu

Ukurasa wa mia moja na kumi, historia ya Roma.
Kitabu kinasema palikuwa na familia moja ya makabwela,
ndogo, isiyotisha mtu.
Mmoja wao alikuwa mtetezi wa wanyonge, mwaka mmoja.
Mwingine alitozwa faini kwa kulisha shamba la wenyewe.
Kisha nukta.
Miaka mia tatu, mistari miwili na nusu.

Nasambu akainua mkono:
"Mwalimu, wale wengine walikuwa wanafanya nini?"
Kengele ikaniokoa.

Jioni, hapa Webuye, swali limenifuata mpaka mezani.

Babu Wepukhulu alipakia mahindi stesheni
mji ulipokuwa bado unaitwa kwa jina la Mzungu.
Kwenye daftari la malipo yeye ni dole gumba tu,
wino umetanuka kama Nzoia ikivunja kingo.

Baba alishika zamu ya usiku kiwandani,
magogo yakawa uji, uji ukawa karatasi.
Harufu ile tuliivaa hadi kanisani.
Moshi ukatafuna bati letu, na mvua za Aprili
tukazikinga kwa sufuria saba.
Ya nane ilikuwa ya ugali.

Mtetezi wetu ni shangazi Nabangala:
aligombea udiwani, akapata kura mia mbili na sita,
akarudi jikoni kuamua kesi za mipaka
hata diwani mwenyewe akawa anabisha hodi kuuliza.
Faini? Hiyo ni ya ami Mukhwana.
Ng'ombe, usiku, mahindi ya chifu. Tusiendelee.

Baba alipokufa, hakuna aliyetuchezea kumuse,
hakuna mzee aliyetembea uwanjani akiutaja ukoo wetu.
Hiyo ni heshima ya wakubwa.
Sisi tulipata mhubiri mwenye haraka
na kipaza sauti cha kukodi, kilichokoroma.

Alikuwa na tabia, baba:
kila karatasi aliinua kwenye taa kwanza,
barua ya karo, risiti, hata Zaburi,
atazame nyuzi kabla ya maneno.
"Huyu alilala zamuni," angesema, au,
"Hapa walikuwa macho."

Nami nauinua ukurasa wa mia moja na kumi.
Nyuzi zimejaa, zinapishana,
nyingi mno kuliko herufi.

Kesho Nasambu atauliza tena, namjua.
Nitampa chaki.
Nitamwambia aanze na sufuria.