Herufi Moja Baada ya Kistari

Saa tatu usiku, Njoro. Mvua ilikuwa imekoma,
mabati ya chama cha maziwa yalikuwa bado yakidondosha.
Mwenyekiti Gathogo aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa,
koti hakulivua; alitaka tu kuona jina lake.
Kesho yake ilikuwa bonasi:
wawili wa kwanza, mfuko wa chumvi ya mifugo na bahasha.

Niliandika amri ya kupanga kutoka juu kwenda chini,
nikapiga kitufe,
na lita za mwezi mzima zikashuka hivi:

98
9
870
31
102
1008

Gathogo akainama, miwani kwenye ncha ya pua.
"Elfu na nane ni yangu. Mbona iko mkiani?
Na huyu Taprandich, lita tisa. Tisa!
Amenipita kwa njia gani?"

Sikucheka. Nilijua.
Mashine haikuona maziwa, iliona maandishi.
Ilishika alama ya kwanza, kama mtu apekuaye kamusi:
tisa imeizidi moja, basi,
ya nini kusoma yaliyobaki?
Elfu yake ikahukumiwa kwa ile moja ya mbele,
sifuri mbili zikaivuta hadi chini.

Dawa yake ni herufi moja baada ya kistari.
Kidole kilikuwa tayari juu yake.
Nikakawia.

Ng'ombe wa Taprandich, na anaye mmoja tu,
aliugua kiwele tarehe tatu.
Lita tisa ni za siku tatu.
Siku ya nne alikuja na kopo tupu
kuuliza kama tuna dawa. Hatukuwa nayo.
Sasa, kwa muda wa pumzi mbili, kwenye mwanga wa skrini,
alikuwa wa pili katika tawi zima,
na wala hakuna aliyedanganya.

Nikaandika. Nikapiga.
Elfu na nane ikapanda, ikakaa mahali pake.
Tisa ikatua chini kabisa, bila kishindo.

"Hiyo N ni ya nini?" Gathogo akauliza, akifunga vifungo.
"Namba."
Akaridhika. Nikasikia buti zake zikinyonya matope
hadi langoni.

Ya namba, ndiyo. Na ya ng'ombe.
Nikaifuta herufi ya kugeuza, nikapiga tena:
orodha ikaanza na yeye.
Hiyo ndiyo niliyochapisha,
nikaandika juu yake kwa kalamu,
*dawa ya kiwele, tuanzie hapa.*