Kavami

Disketi sita, ya nne imeota ukungu.
Nimeifuta kwa pamba na spiriti kama kidonda,
nikaisogeza mashine dirishani, hapa Kirumba,
na saa nne usiku nyota zikawaka.

Nukta nyeupe, za mraba.
Zamani niliona mbingu nzima.
Sasa zinahesabika, na nimezihesabu: arobaini na moja.
Moja ikatembea.

Kisubi. Wametoka ziwani jioni hii, wingu zima,
wakafuata mwanga kama walivyoufuata mwaka tisini na nane
ofisini kwa mhasibu wa kiwanda cha minofu,
ambako baba alilinda geti.
Mhasibu alikuwa na ufunguo. Baba alikuwa na nakala.
Kuhusu hilo sisemi zaidi.

Kiti kimoja, watoto wawili.
Magesa, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, alishika usukani na risasi;
mimi nikapewa kitufe cha mwendo
na kazi ya kufukuza wadudu kwa mkono wa shati.
"Adui, kushoto!"
"Si adui, anasafisha mbawa."
Tulimfyatulia hata hivyo.

Ulipofika uwanja wa mawe yanayoelea
marubani wengine, nadhani, walitetemeka.
Sisi tumezaliwa Mabatini, kule juu:
nyumba imeegemea jabali, jabali limeegemea jingine,
na hilo jingine limemwegemea Mungu.
Jiwe linaloning'inia ni jirani.
Magesa alipita katikati akipiga mluzi.

Na palikuwa na mwenzetu, chombo cha pili, nyuma yetu daima,
sauti kama redio ndani ya debe:
Kavami! Kavami!
Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la nne, cha kalamu na meza;
tukajua anajitambulisha.
Tukamwitikia: Kavami, mambo! Kavami, tupo!
tukaenda zetu mbele kusaka sifa.
Akalipuka kila usiku, misheni ya kumi na nne,
na kila usiku tukamsikitikia: rubani hodari vile, hajui kukwepa.
Hata mbwa wa mama Nyanjige tulimwita Kavami,
naye aliitika, mpaka lori la barafu lilipomkuta.

Leo nina miaka thelathini na minane.
Nimeomba kazi kwa Kiingereza, nimekataliwa kwa Kiingereza.
Misheni ya kumi na nne, sekunde ya tisini hivi,
nimemsikia.

Nikinge.
Ndicho alichokuwa akisema.
Nikinge, nikinge.

Nimeachia mwendo, kitufe changu kile kile,
nikageuza chombo kwa mara ya kwanza
kinyume cha mshale unaoonyesha njia.
Nimechelewa, au mchezo umeandikwa hivyo.
Nukta za machungwa, kama ishirini, kisha giza,
na kisubi mmoja, mzima, anatembea pale alipokuwa.

Simu imelala kifudifudi kando ya kibodi.
Magesa yuko Geita, mgodini. Tangu Jumapili amepiga mara tatu;
nilikuwa na wateja.
Halafu akaandika neno moja: Upo?
Nami nikamjibu upesi, kama mtu anayerudisha salamu:
Nipo, kaka. Tupo.

Saa saba kasoro.
Nafuta kioo kwa mkono wa shati.
Inaita. Bado inaita.