Chini ya Chumvi

Basi hutushusha mgodini asubuhi,
wagonjwa wa pumu thelathini, na makoti, na chupa za chai.
Huku Transilvania watu hufuata hewa shimoni.

Mimi nilikuwa mwoka mikate.
Miaka thelathini na minane unga ulinilisha,
kisha ukanikaba.
Siku daktari aliponikataza tanuri
ndipo unga wangu ulipomwagika,
kweli kweli.

"Toa," asema Emese, mwalimu wa pumzi.
"Usigombanie kuvuta. Toa kwanza."
Nachongoa midomo kana kwamba supu ni ya moto,
nahesabu: mbili kuingia, nne kutoka.
Ya nne siifikii. Inakatikia kwenye tatu,
na kifua kinalia kama mlango wa ghala.

Ugonjwa huu ni panya: huuma, hupuliza.
Hukuachia wiki nzima, ukajisahau.

Pembeni yangu Dénes, miaka kumi na mitatu,
anapuliza kimpira cha plastiki kivuke meza.
Kimekwama katikati. Ananitazama.
"Bibi, nisaidie."
Nani, mimi?
Tukainama wawili, mashavu kama vyura.
Kikatikisika, kikasogea,
kikaanguka ng'ambo,
kikadunda kwenye sakafu ya chumvi.

Emese hakupiga makofi. Aliandika kitu.

Jioni, huku juu, kwenye ngazi za nyumba ya wageni,
nilipanda vidato kumi na vinne ndipo nikasimama.
Jana vilikuwa kumi na kimoja.
Nikalamba midomo.
Nimekula chumvi nyingi, nikajiambia,
ila hii ya leo
nimeivuta.