R Yenye Kikofia

Kizimbani, saa tatu asubuhi, majani bado yana umande,
nami nimeandika kiganjani kwa kalamu
majina ya viungo kwa Kicheki,
kama mwanafunzi anayeibia mtihani.
Mwenye shamba kasema: Machano, jifunze,
bakshishi iko ulimini.

Kumbe watu hawa wana r moja
iliyovaa kikofia,
wakaipandikiza kwenye shamba langu lote.
Karafuu, hřebíček. Mdalasini, skořice.
Pilipili manga, pepř. Kungumanga nayo imo.
Manjano tu ndiyo iliyonihurumia.

Ulimi utetemeke kama r ya Rajabu
na papo hapo meno yakaribiane, upepo uchujike,
mfano wa mafuta yakipokea kitunguu.
Kwa pamoja. Si kimoja halafu kingine.
Wiki nzima nilijaribu bafuni.
Mize, mke wangu, akauliza kama nimemeza nyuki.

Leo yumo bibi mmoja, Vlasta,
kofia ya ukindu kaazima getini.
Nikasema pepř, akatikisa kichwa.
Hiyo usiingurumishe, Machano.
Imefika ukingoni mwa neno, mbele kimya,
basi huzimika, hubaki upepo.
Ila soma pakiti ya pilipili nyeupe, pepř bílý:
b imeiita, sauti imerudi.
Kwenye mdalasini ina irabu huku na huku, inanguruma.
Lakini ikikaa nyuma ya p, ya k, ya t,
hao wasio na sauti,
yake huiacha mlangoni.

Nikamwambia, hata kwetu.
Mti ni mrefu, ila njia ikija na n yake
huwa ndefu.
Ulimi ukiwa mmoja una l.
Zikiwa nyingi ni ndimi, na l sijui imekwenda wapi.
Akaandika ndimi kwenye kijitabu.
Nikamtaka aseme ng'ombe. Akasema nigombe.
Tukawa sawa.

Kwenye mkarafuu nikamchumia kishada kibichi,
uma, nikamwambia.
Akauma. Akakaa hivyo muda.

Mume wangu alikuwa Petr.
R kavu tu, kama zenu.
Ukimtaja, ukimlalamikia kwa dada yako,
ni hiyo hiyo kavu.
Ila kwetu jina hugeuka mtu akiitwa.
Petře, njoo, chakula kinapoa.
Kikofia anavaa hapo tu.

Nikapiga hesabu kimoyomoyo: ipo nyuma ya t.
Haina sauti, basi. Ni pumzi.

Imekuwa miaka mingapi? nikauliza,
swali la mtu asiye na la kusema.
Akainua vidole.
Tři, akasema.
T, na pumzi ile ile.

Wenzake walishafika kwenye vanila, wanapiga picha.
Akatoa kishada mdomoni, akakifunga kwenye leso,
akawafuata.

Jioni nilisugua kiganja kwa sabuni ya unga.
Yote yalitoka isipokuwa pepř.
Nikamwita Mize kwa sauti ya kutoka barazani
naye yuko jikoni, hatua nne.
Mize!
Jina lake likatoka vile vile lilivyo.
Una nini? akaitika, mwiko mkononi.
Nikamwambia nyuki.