Viatu vya Otari

Tulivinunua Jumamosi, soko la mitumba la Bari,
euro sita, baada ya Tsiuri kubishana
kwa Kiitaliano chake cha kuokoteza:
buti za kazi, nambari arubaini na tano,
kisigino cha kulia kimelika,
kamba moja nyeusi, nyingine kahawia.
Muuzaji akauliza, mumeo ana mguu mkubwa?
Tsiuri akasema, mno.

Tukaziweka nje ya mlango, ghorofa ya nne,
juu ya gazeti, ncha zikitazama ngazi.
Mvua ikinyesha Lamara huchota tope
kwenye bustani ya stesheni,
hulileta ndani ya kikopo cha mtindi,
akazipaka kwa kijiko.

Tukampa jina, Otari.
Tukaliandika kwenye kengele ya chini
juu ya majina yetu matatu.
Ni fundi bomba, alisema Lamara.
La, mwashi, nikasema,
hurudi usiku, amechoka, hapendi maneno.
Tsiuri akataka kumwongezea mbwa. Tukamkataza:
uongo nao una kodi yake ya nyumba.

Mchana kutwa tunaogesha wazee wa watu.
Wangu, Bi Addolorata, ana miaka tisini na moja,
hunishika mkono nikitaka kwenda:
giza limeingia, mwanangu, pita penye taa.
Simwambii kuwa taa hunionyesha na mimi.

Napita penye taa. Funguo ngumini,
mmoja umechomoza kati ya vidole.
Simu sikioni, upande wa pili hakuna mtu,
naongea na ukimya, kwa Kijojia, kwa sauti:
Ndiyo, kaka. Nimefika kona. Nakuona.
Halafu kwetu watatu, neno moja: Nimeingia.
Asipolituma mmoja hadi saa tano
wenzake hawavui viatu.

Usiku mmoja wa Novemba Lamara alifuatwa.
Hakukimbia. Anayekimbia amekubali kuwa windo.
Hatua zikapanda nyuma yake, ghorofa ya kwanza,
ya pili, taa ya ngazi ikajizima
kama kawaida yake,
ya tatu.
Mlangoni hakutafuta ufunguo.
Alisimama kando ya buti akaita: Otari!
Nasi ndani, wanawake wawili na nguo za kulalia,
tukakohoa.
Tsiuri alikohoa kama mtu wa sigara miaka thelathini.
Hatua zikasimama. Zikafikiri.
Zikashuka.

Husemwa, asiyekuwapo na lake halipo.
Otari hajawahi kuwapo, na lake lipo,
ngazi nzima ni yake.
Sisi tuliopo, wenye jasho na risiti za pango,
tumejibanza nyuma ya ngozi ya ng'ombe.
Usiku ule Lamara aliosha mikono
mara nyingi, kwa maji ya moto,
ingawa hakuwa ameguswa.

Machi, buti ziliibwa.
Likabaki gazeti na alama mbili za tope.
Tulisimama pale kama wajane,
hata jirani wa ghorofa ya tatu akatupa pole:
kawaacha? Wanaume hao!
Atarudi, alisema Tsiuri.

Tukarudi sokoni. Euro nane safari hii,
nambari arubaini na saba.
Shida zimemkuza, nilisema.
Lamara akazivaa kwenda nazo nyumbani,
soksi jozi tatu ndani,
akapiga hatua nzito, du, du, du, katikati ya njia,
mabega ameyatanua, kidevu juu,
sijawahi kumwona mrefu vile.

Mbele yetu alikuwapo mwanamke peke yake.
Akasikia.
Akabana mkoba kwapani, hakugeuka,
akavuka barabara, akaongeza mwendo,
na mkononi mwake, chini ya taa,
kitu kidogo cha chuma kikametameta.

Lamara akasimama.
Akaketi ukingoni mwa njia, akafungua kamba,
akazivua zote mbili.
Akatembea na soksi hadi nyumbani,
lami imelowa,
buti kazipakata kama mtoto wa mtu.