Maji ya Mwerebi

Dardo alikufa Agosti, mama akabaki bafuni.
"Mama", ndivyo alivyouita mmea wake wa bangi,
ndani ya ndoo ya rangi, chini ya dirisha linalovuja,
amejikunyata kwa baridi ya Minas.
Mimi sikuwahi kuvuta. Harufu yake ilinikera,
ilishika taulo, ilishika hata sabuni.
Lakini ndiyo iliyomlaza kaka yangu
mfupa ulipoanza kumla kutoka ndani.

Sheria ya Uruguay inampa mtu mashina sita, yaandikishwe.
Jina daftarini ni lake, na marehemu hapandi kitu.
Nikaenda posta na cheti cha kifo.
Karani, binti wa Olivera, akanitazama juu ya miwani:
"Wewe, Nibia? Wewe wa kwaya?"
Mimi wa kwaya. Andika.

Mwandiko wake ni wa fundi magari,
herufi zimelaliana kama bati lililogongwa:
*Usinunue unga wa dukani. Kata mwerebi.*
Nikashuka kijitoni nyuma ya kituo cha mabasi,
nikavunja vijiti vyembamba kama penseli,
nikavilaza majini usiku kucha
hadi maji yakawa rangi ya chai iliyosahauliwa.
Mwerebi, hata ukiufanya nguzo ya uzio, huchipua.
Ni mti usiojua kufa.

Nikamkata mama matawi sita,
mshazari, chini ya kifundo, kwa wembe uliochemshwa.
Nilimwomba radhi. Mmea!
Nikanyonyoa majani ya chini, ya juu nikayapunguza nusu,
maana asiye na mizizi halishi wengi.
Maji ya mwerebi, kisha asali kidogo kwenye kidonda,
kisha mchanga na mboji ya nyungunyungu
aliowalisha Dardo mwenyewe, miaka yote,
maganda ya mayai na machicha ya mate.
Juu nikafunika chupa za soda zilizokatwa.

Siku ya tatu yote mabichi.
Watu walikuja na keki za pole, wakasema,
"Nibia, umesimama vizuri."
Nikatazama dirishani: na haya yamesimama vizuri.
Chini hakuna kitu.

Siku ya saba mawili yakaoza, meusi shingoni.
La tatu lilishikwa na ukungu, na hilo ni kosa langu,
nililifunua kila saa
kama anayechungulia mgonjwa asije akafa peke yake.
Daftari: *Acha kuchungulia, mjinga.*
Alijiandikia mwenyewe. Nadhani.

Siku ya kumi na sita nikavuta moja, kidogo tu,
kama unavyovuta mkono wa shati la mtu aliyelala.

Likanivuta.

Oktoba nikayazoesha nje: saa moja kivulini, kesho mbili,
upepo wa kusini ukija nayarudisha mbio.
Nikachimba nyuma ya karakana, jua likishazama,
pale udongo unaponuka mafuta kidogo. Hapana.
Nikasogea hatua kumi, nikachimba tena.
Mizizi ilikuwa myeupe, kama tambi ambazo hazijaiva.
Sikuitikisa. Nikaitia shimoni na udongo wake.

Kesho yake adhuhuri yote yamelala,
majani yananing'inia kama masikio ya mbwa aliyekemewa.
Olivera akachungulia uani: "Umeyaua."
Sikumjibu. Nikachomeka fito,
nikatundika koti la kazi la Dardo liwe kivuli,
nikaingia ndani, nikafunga pazia. Acha kuchungulia.

Yako matatu. Posta wanasema sita.
Nafasi nyingine sijui nitaweka nini, labda nyanya.

Mama nilimkata mwisho, Jumapili, baada ya misa.
Nikamlaza pipani kwa nyungunyungu,
juu ya machicha ya asubuhi,
mengi kupita kiasi, kwa kuwa bado mkono wangu
hujaza kibuyu cha watu wawili.
Walianza na majani.